Nafaka Iliyoloa Iwekwe Juu

(Mazungumzo kwa vijana wa Kitui na Makueni, baada ya sala ya Alasiri, kumi la kwanza la Ramadhani)



Ndugu zangu katika imani, wazazi wetu, na wewe msomaji uliyeshika gazeti hili huku ukingoja adhana ya Magharibi. Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.) aliyetufikisha Ramadhani nyingine tukiwa hai na wazima. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu waliotayarisha darsa hii waliniambia nizungumze juu ya deni. Nikawauliza, deni gani? Wakacheka. Wakasema, "Wewe si unasomea uhasibu chuo kikuu? Tuambie ya makampuni." Basi leo nataka tuzungumze juu ya deni ambalo wengi hatulijui kwa jina, ingawa wengi limeshatuuma: deni ambalo bado halijawa deni.

Nianze na ya nyumbani. Ami yangu alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi katika mji mmoja wa barabara ya Mombasa. Alikuwa mtu wa kuandika. Daftari lake lilikuwa na kila kitu: nani anamdai, yeye anamdai nani, mpaka shilingi hamsini ya misumari. Alipofariki mwaka 2019, wazee walikaa, wakafungua daftari, wakalipa kila deni kabla ya kugawa mirathi, kama sheria yetu inavyotaka. Sote tukasema alhamdulillah, marehemu ameondoka hana mzigo.

Miezi mitatu baadaye ikaja barua ya wakili. Kumbe ami alikuwa amemwekea dhamana rafiki yake aliyechukua bidhaa kwa mkopo kwa mfanyabiashara mkubwa wa jumla. Rafiki ameshindwa kulipa. Karatasi ina saini ya ami. Shilingi laki moja na elfu themanini.

Jamani, mirathi ilikuwa imeshagawanywa! Mjane ameshalipa karo, binti mmoja ameshanunua cherehani, mtoto wa kiume ameshaiweka sehemu yake kwenye pikipiki. Ilibidi tukae tena, kila mtu arudishe kidogo. Maneno yalitoka siku ile ambayo mpaka leo hayajasahaulika. Na ami hakuwa mwizi, wallahi. Alilipa kila alichodaiwa. Kosa lake lilikuwa moja tu: daftari lake lilikuwa na madeni yaliyokwisha kuwa madeni, halikuwa na ukurasa wa madeni ya "huenda".

Ukurasa huo ndio somo letu la leo. Makampuni makubwa yanalazimika kuwa nao. Na sisi tunalazimika kujifunza kuusoma.

Vikapu vitatu

Kila mwaka kampuni hutoa ripoti ya hesabu zake. Watu wengi wakiipata hutazama mahali pawili: faida ni ngapi, na gawio la wenye hisa ni ngapi. Kisha wanaifunga. Lakini nyuma ya mizania kuna kurasa nyingi za maelezo, herufi ndogondogo, na karibu na mwisho wake utakuta maelezo yenye vichwa kama "madeni yasiyo na hakika", "dhamana", "kesi zilizoko mahakamani" na "ahadi za matumizi". Hapo ndipo penye habari.

Kuna kanuni ya kimataifa ya uhasibu, nambari 37, iliyotolewa mwaka 1998 na kuanza kutumika katikati ya mwaka 1999. Kenya nayo ilizipokea kanuni za kimataifa mwaka huohuo wa 1999. Kanuni hii inamwambia mhasibu: jambo lolote lililokwisha kutokea ambalo linaweza kukutoa pesa kesho, litie katika kimoja cha vikapu vitatu.

Kikapu cha kwanza ni cha yanayoelekea kutokea kuliko kutotokea. Mfano kampuni imeshtakiwa, na mawakili wake wenyewe wanaona uwezekano wa kushindwa ni mkubwa kuliko wa kushinda, na kiasi kinaweza kukadiriwa. Hapo haitoshi kuandika maelezo. Pesa inatengwa leo, inahesabiwa kuwa deni, na faida inapungua leo hata kama hukumu ni mwaka kesho.

Kikapu cha pili ni cha yanayowezekana lakini uzito wake bado haujaelemea upande huo, au kiasi chake hakiwezi kukadiriwa kwa uaminifu. Hapa pesa haitengwi. Lakini lazima iandikwe kwenye maelezo: kesi ni ya nini, inaweza kugharimu kiasi gani kama inakadirika, na nini kinachofanya iwe haina hakika. Hiki ndicho kikapu cha "huenda", na dhamana ya ami ingeingia humu siku ile aliyotia saini.

Kikapu cha tatu ni cha yaliyo mbali kabisa, kwa mfano mtu amekushtaki bila msingi wowote. Hayo huna haja ya kuyaandika.

Na kuna jambo jingine zuri katika kanuni hii. Kama wewe ndiye uliyemshtaki mwenzako na unatumaini kulipwa, huruhusiwi kuihesabu pesa hiyo kuwa mali yako mpaka iwe karibu ni hakika kabisa. Wahenga walisema, usikate mbeleko na mwana hajazaliwa. Kwa hiyo la hasara liseme mapema, la faida lichelewe. Ukiona kampuni inafanya kinyume chake, shtuka.

Thange

Sasa mtu wa Kibwezi ataniuliza, haya yananihusu nini mimi ninayelima pojo na mahindi? Ndugu yangu, yanakuhusu kuliko mtu yeyote.

Bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi mwaka 1978. Lina urefu wa kilomita 450 hivi, na linapita katika ardhi ya Makueni. Kampuni ya Kenya Pipeline ndiyo yenye bomba hilo. Mei 2015, huko Thange, upande wa Kibwezi, ikagundulika kwamba mafuta yanavuja kutoka bomba lile kuukuu. Yaliingia ardhini, yakaingia mtoni, yakaingia kwenye visima. Mto Thange ndio watu walionywa maji, ndio walionyweshea mifugo na mboga. Mashamba ya kando ya mto yakaharibika, na watu wakawa wanalalamika maradhi mwaka baada ya mwaka.

Wakazi wakaenda mahakamani. Julai 2025, baada ya miaka kumi, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliamuru kampuni iwalipe wakazi zaidi ya 3,000 fidia ya karibu shilingi bilioni 3.8.

Sasa itazame habari hii kwa jicho la mhasibu. Jambo lililoleta deni lilitokea lini? Si siku ya hukumu. Lilitokea Mei 2015, siku mafuta yalipogusa maji. Kuanzia siku hiyo, jambo kama hili lazima likae katika kimoja cha vile vikapu vitatu, na kila mwaka hesabu zinapofungwa lazima mtu alitoe, alitazame, aulize: bado liko mahali pake? Gharama ya kusafisha udongo na mto ni jambo lisilokwepeka, hiyo ni ya kikapu cha kwanza. Fidia za watu, mwanzoni kabisa, huenda zikawa za kikapu cha pili. Kadiri ushahidi unavyotolewa mahakamani, vipimo vya maji vinavyosomwa, mashahidi wanavyosikizwa, jambo linasogea kutoka kikapu cha pili kwenda cha kwanza. Halikai mahali pamoja miaka kumi kama jiwe la mpaka.

Na kuna kitu kidogo hapa ambacho wanafunzi wenzangu wa uhasibu watakipenda. Mwaka wa hesabu wa mashirika ya serikali, Kenya Pipeline ikiwemo wakati ule, hufungwa tarehe 30 Juni. Hukumu ilikuja Julai. Mtu mvivu atasema, basi hiyo ni habari ya mwaka ujao. La! Kanuni nyingine, nambari 10, inasema hukumu ikitoka baada ya mwaka kufungwa lakini kabla ya hesabu kuidhinishwa, na ikathibitisha jambo ambalo lilikuwapo tangu kabla, lazima urudi nyuma ulirekebishe. Hata rufaa haiifuti hukumu hiyo katika maelezo. Rufaa ni haki ya kila anayeshindwa, lakini msomaji lazima aambiwe kwamba kuna hukumu, ni ya kiasi gani, na kampuni imefanya nini juu yake.

Kwa nini nalisema kwa mkazo? Kwa sababu mwaka huohuo wa 2025 Bunge liliidhinisha serikali iuze asilimia 65 ya kampuni hiyo, na Januari 2026 hisa zikafunguliwa kwa umma kwa shilingi 9 kila moja. Vijana wengi hawakuwa wamewahi kununua hisa maishani mwao. Wakiwa na simu mkononi waliona bei, waliona jina kubwa, wakawa wanaulizana, "Tununue?" Swali langu ni jingine. Anayenunua hisa ananunua faida, na ananunua kesi pia. Hisa ya kampuni yenye kesi ya bilioni kadhaa ni kama shamba lenye mgogoro wa mpaka. Si haramu kulinunua kwa sababu ya mgogoro tu, lakini ni ujinga kulinunua bila kujua upo.

Na wewe mtu wa Thange, mstari ule katika maelezo ya hesabu ni wewe. Ni kisima chako na mtoto wako. Ukiandikwa kwa mstari mmoja wa haraka, umefichwa. Ukiandikwa sawasawa, kila mwenye benki na kila mnunuzi wa hisa anajua kwamba kuna watu 3,000 wanaongoja. Watu wakijua, inakuwa vigumu kukusahau.

Ahadi ni deni

Kikapu kingine cha maelezo ni cha ahadi. Hapa sisemi kesi. Nasema mkataba uliotiwa saini kwa hiari, ambao kazi yake haijafanyika.

Mnalijua bwawa la Thwake, pale Mto Athi na Mto Thwake inapokutana, mpakani mwa Makueni na Kitui. Kazi ilizinduliwa mwaka 2018, mkandarasi ni kampuni ya Gezhouba ya China, na Benki ya Maendeleo ya Afrika ni mmoja wa wafadhili. Sasa chukua mradi wowote wa namna hiyo. Siku mkataba unapotiwa saini, mkandarasi hajamwaga zege hata karai moja. Je, mwenye mradi anadaiwa? Bado. Je, yuko huru? Hapana, amejifunga. Kazi itakapofanyika, pesa itatakiwa. Katikati ya "bado" na "hapana" ndipo ahadi inapokaa.

Kampuni nayo ni hivyohivyo. Imeagiza mitambo, imesaini ujenzi wa ghala, bidhaa hazijafika. Kwenye mizania hutaona deni. Lakini kanuni zinataka iandike kwenye maelezo: tumeahidi kununua vitu vya thamani kadha wa kadha. Waswahili hawakungoja kanuni za kimataifa, wao walisema zamani kwamba ahadi ni deni. Basi msomaji makini anachukua pesa taslimu iliyoko benki, anaiweka upande mmoja, anachukua ahadi za mwaka ujao, anaziweka upande wa pili, anauliza: hawa watalipa kwa nini? Kampuni inayoahidi kuliko uwezo wake utaiona inaanza kuchelewesha wauzaji wadogo. Na wauzaji wadogo ni nani? Ni baba zetu wa maembe, ni mama zetu wa kuku.

Dhamana

Tumrudie ami yangu. Dhamana ni ndugu wa kesi: unaweka saini leo, hutoi hata senti, na unaomba Mungu mwenzako alipe. Mwaka 2017, madeni ya Kenya Airways yalipopangwa upya, serikali ilitoa dhamana ya hadi dola milioni 750. Siku ile haikutoka pesa. Ilikuwa "huenda". Baadaye shirika la ndege lilishindwa kulipa mikopo ya ndege, na Hazina ya Taifa ikalazimika kuingia kati. "Huenda" ya 2017 ikawa kodi ya mtu wa Mwingi ambaye hajawahi kupanda ndege.

Na nchi za nje pia haikuwa salama. Kampuni ya Enron ya Marekani iliyofilisika Desemba 2001 ilikuwa imejificha madeni mengi katika makampuni madogo ya pembeni. Walioangalia faida tu waliiona ni mlima. Wachache waliosoma maelezo ya nyuma ndio waliojiuliza, mbona hatuelewi kitu hapa?

Sisi tuliosoma madrasa tunakijua kisa cha sahaba Abu Qatada. Aliletwa maiti, Mtume (S.A.W.) akauliza kama ana deni, akaambiwa dinari mbili, akawaambia masahaba wamsalie wao. Abu Qatada akasema, hizo dinari mbili ziko juu yangu. Hapo Mtume akamsalia. Na siku zilizofuata alimuuliza Abu Qatada, umelipa? Mpaka alipolipa. Tazama uzito wake: dhamana ilikuwa deni tangu ilipotamkwa, na iliulizwa mpaka ikamalizika. Haikuachwa ipotee kwa sababu tu si yeye aliyezitumia zile dinari.

Kwa nini wanaficha

Mtu mmoja aliniuliza katika darsa, na lilikuwa swali zuri: kama kampuni itaandika wazi kwamba inaogopa kushindwa kesi, si itakuwa imempa adui wake silaha? Mlalamikaji atasimama mahakamani na kusema, tazama, wao wenyewe wameshatenga pesa!

Swali hili kanuni imelifikiria. Katika hali za nadra sana, ambapo kueleza yote kungeharibu vibaya msimamo wa kampuni katika mgogoro, inaruhusiwa kutotaja tarakimu na undani. Lakini hata hapo lazima iseme mgogoro ni wa aina gani, na iseme kwamba imenyamaza na kwa nini. Kwa hiyo kuna nafasi ya kulinda siri ya kesi. Hakuna nafasi ya kujifanya hakuna kesi.

Sababu za kweli za kuficha nyingi ni nyingine. Meneja anataka bonasi ya faida. Mkopo wa benki una sharti kwamba madeni yasizidi kiasi fulani. Uchaguzi wa wakurugenzi umekaribia. Hisa zinataka kuuzwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Imekuwa hivyo kwa makampuni mengi, na wanaoumia mwisho huwa si wale waliokuwa wakificha. Wanaoumia ni wafanyakazi, waweka akiba na wauzaji wa mboga.

Mnakumbuka ile hadithi ya sokoni. Mtume (S.A.W.) alipita penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikatoka na unyevu. Akamuuliza mwenye nafaka, ni nini hii? Akasema, imenyeshewa na mvua. Mtume hakumwambia aitupe. Alimuuliza kwa nini hakuiweka juu ili watu waione, kisha akatoa lile onyo kali juu ya anayedanganya. Angalieni vizuri, ndugu zangu. Mvua haikuwa kosa la muuzaji. Kuloa halikuwa kosa lake. Kosa ni kuweka kavu juu na mbichi chini.

Hayo ndiyo maelezo ya hesabu. Bomba kuzeeka linaweza kuwa uzembe, na mahakama itaamua. Kushtakiwa si dhambi. Lakini kuandika faida kwa herufi kubwa zenye rangi ukurasa wa kwanza, na watu wa mto mmoja kwa herufi ndogo ukurasa wa mia moja na ishirini kwa maneno asiyoyaelewa mtu, hiyo ni nafaka mbichi iliyofunikwa na kavu.

Usomeje?

Basi nikuachie njia, wewe kijana, ukipata ripoti ya kampuni yoyote kabla hujatoa pesa yako.

Kwanza, anzia nyuma. Tafuta maelezo ya kesi, dhamana na ahadi kabla ya kutazama faida.

Pili, chukua ripoti ya mwaka jana na ya mwaka huu, ziweke pamoja. Kesi ileile imeandikwa kwa maneno yaleyale neno kwa neno? Uliza kama kweli kuna mtu aliyeitazama upya. Kesi iliyokuwapo mwaka jana imetoweka mwaka huu? Tafuta imekwenda wapi: imelipwa, imeshindwa, au imefutwa tu kwenye karatasi?

Tatu, linganisha kiasi na ukubwa wa kampuni. Kesi ya milioni kumi kwa kampuni ya mabilioni si kitu. Kwa kampuni ndogo inaweza kuwa msiba.

Nne, tafuta neno "dhamana". Kampuni imemdhamini nani? Mara nyingi ni kampuni tanzu au ya mkurugenzi mwenyewe.

Tano, soma yaliyotokea baada ya mwaka kufungwa. Hukumu kama ile ya Julai hukaa hapo au hubadilisha hesabu zenyewe.

Sita, soma barua ya mkaguzi wa hesabu mpaka mwisho. Wakati mwingine anasema hesabu ni sawa, kisha anaweka aya ya kukuvutia macho kwenye kesi fulani. Kwa mashirika ya umma, mkaguzi ni Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na ripoti zake ni za kila mwananchi. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, inakupa haki ya habari, na kuna sheria ya mwaka 2016 inayoeleza jinsi ya kuiomba.

Usiseme Kiingereza chake ni kigumu. Kaeni watatu au wanne, mmoja anayejua hesabu, mmoja anayejua sheria, mmoja anayejua kuuliza "ati nini?" bila haya. Huyo wa tatu ndiye muhimu kuliko wote.

Turudi nyumbani

Ndugu zangu, sikuja hapa kuyashtaki makampuni tu. Ramadhani ni mwezi wa mtu kujitazama mwenyewe.

Chama chetu cha vijana kina hesabu. Mwisho wa mwaka mweka hazina husimama akasema, tumebaki na shilingi kadha, na sote tunaitikia mashaallah. Je, amewahi kutuambia ni ahadi gani tumetoa? Tuliahidi kumlipia yatima mmoja karo mpaka amalize. Tuliagiza viti na tumelipa nusu. Kuna mtu anadai tulimharibia spika siku ya Maulidi na bado hatujakubaliana. Hayo hayamo katika "tumebaki na". Napendekeza tuongeze ukurasa mmoja tu: ahadi, dhamana, na madai. Usomwe kwanza, kabla ya salio. Tukiweza sisi wenye elfu ishirini, tutakuwa na uso wa kuwaambia wenye mabilioni.

Na wewe baba, na wewe mama unayesoma. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, ni aya ya kuandika madeni. Leo usiku baada ya tarawehe, chukua daftari. Andika unachodaiwa na unachodai, hayo mnayajua. Kisha geuza ukurasa, andika juu yake "Huenda". Umemdhamini nani? Umesaini karatasi ya nani? Nani amelalamika kwamba shamba lako limeingia kwake? Umemwahidi nani nini, na hakuna shahidi isipokuwa Allah? Muoneshe mtu mmoja wa nyumbani mahali daftari lilipo.

Shangazi yangu, mke wa ami, alifanya hivyo baada ya yale yaliyotupata. Daftari lake ni la kurasa thelathini na mbili, lenye jalada la kijani. Ukurasa wa "Huenda" una mistari miwili tu. Nilimuuliza kwa nini anahangaika na mistari miwili. Akanijibu, "Mwanangu, ami yako ulikuwa mstari mmoja."

Allah atupokelee saumu zetu, awape subira na haki yao wenzetu wa Thange, amrehemu ami na kila aliyetutangulia na mzigo tusioujua, na atujaalie tuwe wenye kuiweka juu nafaka yetu iliyoloa. Amin.